Nani Mwenye Zile Mita Mia Tano?

Lori la shehena linalotoka Lusahunga kwenda mpaka wa Rusumo huacha nyuma mihogo, mahindi na migomba, likaingia kwenye miti, likatoka tena kwenye mahindi. Dereva wa zamani wa njia hiyo hahitaji kuambiwa msitu unaanzia wapi. Kwa miaka mingi mabasi na malori yalisubiriana hapo ili yasindikizwe na polisi wenye bunduki, kwa hofu ya majambazi waliojificha porini. Siku hizi hofu imebadilika. Anayelala macho sasa ni mkulima, na anayemwogopa ana miguu minne.

Mwaka 2019 mapori matatu ya akiba, Biharamulo, Burigi na Kimisi, yaliunganishwa na kupandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Hifadhi hiyo inagusa Biharamulo, Ngara, Karagwe na Muleba mkoani Kagera, pamoja na Chato mkoani Geita. Si mabadiliko ya kibao cha getini tu. Katika pori la akiba mwindaji mwenye leseni aliweza kupiga mnyama na kulipa; katika hifadhi ya taifa hakuna kuwinda, hakuna kulisha mifugo, hakuna kulima. Wakati huohuo watu wameongezeka. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakazi 323,486 Biharamulo na 320,056 Ngara, na sensa ya 2022 ilizikuta wilaya zote mbili zimevuka idadi hizo kwa mbali.

Sauti zinazobishana hapa chini zimetungwa, na hakuna mtu fulani aliyejificha nyuma ya yeyote kati yao. Hoja zao hazikutungwa. Ndizo zinazosikika kwenye mikutano ya vijiji, kwenye vijiwe vya kahawa na katika korido za halmashauri. Wamekaa chini ya mwembe: mama mkulima kutoka upande wa Nyakahura, askari wa wanyamapori aliyestaafu, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani, mwalimu wa historia, afisa ardhi wa wilaya, na kijana wa Ngara aliyesomea misitu.

Mama ndiye aliyeanza, na hakuanza na sera. Alianza na dungu.

“Mahindi yakishatoa ndevu, mimi silali nyumbani,” alisema. “Napanda kwenye dungu na tochi na debe bovu la kupiga. Nyani huja mchana, nguruwe pori huja usiku, tembo huja akitaka. Nyani, mtoto anaweza kumfukuza, ndiyo maana msimu ule mwalimu wa darasa la nne haoni watoto wa kwetu. Tembo humfukuzi. Tembo unamwomba. Akishaingia hali mahindi kama sisi, anang'oa shina zima, anakung'uta udongo kwenye mguu, anakula, halafu kinachobaki anakikanyaga. Asubuhi ukifika unaona njia pana iliyonyooka hadi msituni, utadhani trekta limepita.”

“Na ukienda kuripoti?” mwalimu aliuliza.

“Nikiripoti wanapima.”

Kupima huko kunahitaji kuelezwa, maana ndiko kunakowachoma wengi. Kanuni za mwaka 2011 za malipo kwa madhara ya wanyamapori hatari, zile watu wanazoziita kifuta jasho na kifuta machozi, ziliweka kiwango cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari moja ya mazao yaliyoharibiwa, kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na mwisho ekari tano. Aliyekuwa mbali zaidi alilipwa zaidi. Aliyekuwa ndani ya mita 500 hakulipwa chochote, kwa sababu Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kulima au kujenga humo bila kibali. Kwa mtu aliyeuawa, kanuni hizo zilitaja shilingi milioni moja. Nyani na nguruwe pori, ambao huko vijijini hula kila msimu bila kukosa, hawahesabiwi kuwa hatari, kwa hiyo hawana fungu.

“Shamba langu liko hatua mia tatu na kitu kutoka kwenye kigingi,” mama aliendelea. “Nililirithi kwa baba mkwe, kigingi kikiwa kule juu zaidi. Basi mimi tembo akija ni mwathirika, na afisa akija ni mhalifu. Siku moja, shamba moja.”

Askari mstaafu alimwacha amalize. Alikuwa na uvumilivu wa mtu aliyekaa miaka mingi akisubiri majangili kwenye maji.

“Mama, pole. Lakini zile mita mia tano hazikuwekwa kukukomoa,” alisema. “Tembo akitoka kwenye miti akakuta mahindi papo hapo, hahitaji hata kufikiri. Ukimwachia uwazi anasita, na wewe unamwona mapema. Halafu kumbuka tulikotoka. Mwaka 2009 nchi hii ilihesabu tembo 109,051. Mwaka 2014 tukahesabu tena, tukapata 43,330. Miaka mitano tu! Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, likamwandika tembo wa savana katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Unayemwona shambani kwako mmoja ni mabaki ya kundi.”

“Mabaki hayo yana tumbo,” mama alijibu, na watu wakacheka.

Hapo mwalimu akaingia na jambo ambalo wahifadhi wengi hawapendi kulisikia. Alisema msitu wanaougombania haukuwa pori tangu kuumbwa kwa dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe na nyati wa Afrika Mashariki, ikiwemo karibu nchi nzima ya Karagwe na majirani zake. Ng'ombe walipokwisha, majani yakakua, vichaka vikafunga malisho, ndorobo wakafuata vichaka, na malale ikawafuata watu. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza ikawakusanya watu wa magharibi mwa Tanganyika, Biharamulo ikiwemo, katika makazi maalumu ili kuwatenga na ndorobo. Walikotolewa wakabaki wanyama. John Ford, mtaalamu wa ndorobo aliyefanya kazi katika nchi hizi na kuandika kitabu kikubwa kuhusu malale mwaka 1971, alishikilia kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa pori asilia ni mashamba na malisho yaliyopoteza wenyewe.

“Kwa hiyo mzee,” mwalimu alisema akimgeukia askari, “mpaka wenu umechorwa na inzi.”

Askari hakukasirika. “Inawezekana. Lakini swali la nani alikuwa hapa mwaka 1890 halimsaidii korongo wala palahala wa leo. Hawa swala wakubwa hawana pengine pa kwenda. Magharibi ni Rwanda imejaa, kusini na mashariki ni mashamba. Uliza 1994 ilitufundisha nini.”

Hakuna mtu wa Ngara mwenye umri wa kutosha asiyejua mwaka huo ulivyokuwa. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya watu laki mbili walivuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa siku moja hivi, wakikimbia Rwanda, wakapiga kambi Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitalia iliyowahi kujenga barabara. Kambi zikaongezeka: Lumasi, Lukole, Kitali, Keza. Kwa muda wakimbizi waliwazidi wenyeji wa wilaya, na wengi walikaa hadi Desemba 1996. Kila sufuria ilitaka kuni, na kila kilo ya mahindi ya msaada ilitaka kitoweo. Miti ilirudi nyuma kilomita baada ya kilomita, na nyama ya porini ikauzwa kambini waziwazi.

“Miaka miwili,” askari alisema. “Pori lililochukua miaka sitini kufunga lilifumuliwa kwa miaka miwili. Ndiyo maana tukiona shoka moja tunaruka.”

Mama alikuwa na somo lake kutoka mwaka huohuo. “Mimi nilikuwa msichana. Nilichokiona ni malori ya chakula. Dunia ilipotaka, iliwalisha watu wengi kuliko wilaya nzima, kila siku, kwa orodha. Leo naambiwa kumlipa mtu mmoja ekari mbili za mahindi kunahitaji fomu kwenda hadi makao makuu na kurudi.”

Hoja hiyo haikujibiwa, na mwandishi wa makala haya haoni jinsi ambavyo ingejibiwa.

Mfugaji alikuwa amenyamaza muda wote, fimbo ikiwa imelazwa mapajani. Alipozungumza alizungumza polepole, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisukuma.

“Mnazungumza mahindi. Mahindi hayatembei. Mimi mali yangu inatembea, na mwezi wa nane inatembea kuelekea maji. Maji yako Burigi. Sitawadanganya, ng'ombe wangu wameingia. Na nimelipa. Mwaka 2013 nilipitiwa na operesheni mbili mfululizo: Kimbunga ya wahamiaji haramu mwezi wa tisa, Tokomeza ya majangili mwezi wa kumi. Ya kwanza waliniuliza mimi raia wa wapi. Ya pili waliniuliza bunduki iko wapi. Hakuna aliyeniuliza ng'ombe wanakunywa wapi.”

Tokomeza, kwa wasiokumbuka, ilisimamishwa mwezi mmoja baadaye baada ya malalamiko ya mateso na mauaji kufika bungeni, na Desemba 2013 mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Mmoja wao, Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii, alikuwa mbunge wa Bukoba Mjini, mtu wa Kagera hiihii.

“Na sasa mmetuletea simba,” mfugaji aliongeza.

Alikuwa akisema kweli. Mwishoni mwa 2020 serikali ilianza kuhamisha simba kutoka ukanda wa Serengeti, walikokuwa wakishambulia mifugo ya wanavijiji, kwenda Burigi-Chato. Kwa mtazamo wa hifadhi jambo hilo lina mantiki yake: hifadhi changa inahitaji wanyama wakubwa ili mtalii apate sababu ya kusafiri hadi Biharamulo, na swala wakikosa mla nyama huharibu malisho yao wenyewe. Kwa mtazamo wa mwenye zizi, mkorofi wa wilaya moja amepewa uhamisho kwenda wilaya nyingine, kama watumishi wanavyohamishwa.

“Rwanda wamefanyaje?” mwalimu aliuliza. “Akagera ile pale, ng'ambo ya mto.”

Hifadhi ya Akagera ni mfano ambao kila upande huuvuta kwake. Mwaka 1997 serikali ya Rwanda, ikiwa na wananchi waliorudi na ng'ombe wao na hawana pa kuwaweka, iliikata hifadhi hiyo ikabaki chini ya nusu, kiasi cha kilomita za mraba 1,100. Wafugaji hupenda kuishia hapo. Wahifadhi hupenda kuanzia pale palipofuata: mwaka 2010 shirika la African Parks likaanza kuisimamia pamoja na serikali, mwaka 2013 uzio wa umeme wa kilomita 120 ukakamilika, mwaka 2015 simba saba wakaletwa kutoka Afrika Kusini, na mwaka 2017 wakaja faru weusi 18. Mzaha mchungu uko kwenye faru hao. Faru wa kwanza kupelekwa Akagera, mwaka 1957 na 1958, walitoka Karagwe. Leo mkazi wa Ngara anayetaka kumwona faru, njia fupi ni kuvuka Rusumo na kulipa kiingilio Rwanda.

“Basi nasi tujengewe uzio,” mama alisema.

Askari akatikisa kichwa. Uzio wa Akagera uko magharibi, upande wa vijiji vya Rwanda. Mashariki wametegemea mto na matete, na ng'ambo ya matete ni sisi. Burigi-Chato ni kubwa mara nne, ina mpaka unaopindapinda kati ya wilaya tano, na uzio hauli gharama siku ya kujengwa tu. Unataka mtu wa kufyeka majani chini ya waya kila mwezi, betri, na askari wa kumkamata anayekata waya ili ategee swala. “Na ukiwafungia tembo ndani wakati wa kiangazi,” alimalizia, “wewe ndiye utakayewabebea maji.”

Kijana wa misitu alikuwa akichorachora chini kwa kijiti. Alisema anaona ajabu kwamba wamekaa tangu asubuhi wakibishania kigingi, ilhali mmoja wa viumbe walio hatarini zaidi katika nchi hizi hana habari na kigingi hicho. Ni korongo taji, yule ndege mrefu mwenye nywele za dhahabu kichwani, ambaye Waganda wamemweka kwenye bendera yao. IUCN ilimwandika kuwa hatarini kutoweka mwaka 2012. Hazai msituni. Huzaa kwenye matete ya mabonde na kula mashambani, katika ardhi ya vijiji, kwenye mabonde yanayomwaga maji katika mito ya Ruvubu na Kagera. Ukiongeza askari mia Burigi-Chato, yeye hafaidiki hata na mmoja.

“Anakula nini?” mama aliuliza kwa shaka.

“Wadudu, panzi... na mbegu.”

“Mbegu za nani?”

“Zako, mama. Mahindi yakiwa yamepandwa karibuni, huyafukua.”

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini kijana hakuacha. Alieleza kazi ya Olivier Nsengimana, daktari wa mifugo wa Rwanda, na chama alichokianzisha. Waliwakuta korongo taji wengi wakiwa mapambo katika bustani za mahoteli na nyumba za matajiri. Wakawasajili, wakawarudisha porini wanaoweza kuruka, na wale waliokatwa mbawa wakawatengenezea kijiji chao Kigali, Umusambi. Vijijini wakachagua watu wa kulinda viota na kuhesabu. Hesabu ya 2017 ilitoa ndege 487 Rwanda nzima. Miaka michache baadaye walipita elfu moja. Bonde lililindwa na wanaolima kando yake.

“Sisi tufanyeje?” mfugaji aliuliza.

“Tuache matete. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita sitini kutoka ukingo wa mto zisilimwe.”

Mama aliinuka kabisa. “Hapo sasa! Mita mia tano kutoka msituni, mita sitini kutoka mtoni. Ya barabara nayo haijatajwa. Mimi nina ekari mbili na nusu. Kila anayekuja ana mnyama wake na kipimo chake, na kila mmoja anasema anachotaka ni kidogo.”

Katika mjadala wote huu, hiyo ndiyo kauli ambayo watunga sera wangefanya vyema kuibandika ukutani. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, linahesabu tembo wake. Mamlaka ya bonde inahesabu maji yake, wa mazingira wanahesabu ukingo wao, na wa misitu miti yao. Kila ofisi peke yake ina haki na ina sheria. Lakini hakuna ofisi inayozijumlisha mita hizo zote juu ya kiwanja cha kaya moja, ingawa zinaangukia hapo hapo. Hatari ya kutoweka kwa tembo ni ya dunia nzima. Gharama ya kuizuia inalipwa na watu wanaolala kwenye madungu.

Afisa ardhi, ambaye alikuwa akiandika tu, alisema kisheria mahali pa kujumlisha papo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inakiruhusu kuchora ramani moja yenye mashamba, malisho, makazi, vyanzo vya maji na eneo la kuachwa. Tena siasa ililegea: mwaka 2019 serikali iliamua kwamba vijiji 920 kati ya 975 vilivyokuwa na migogoro na maeneo ya hifadhi nchini vibaki vilipo. Kigingi si msahafu, kimekwisha kusogezwa mara nyingi.

“Kwenye ukanda wa mita mia tano hatuwezi kupanda mahindi,” alisema, “ila si lazima ukae bure. Pilipili tembo haigusi. Mizinga inaruhusika kwa makubaliano.”

Kijana akadakia. Kule Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki nchini Kenya, watafiti wakiongozwa na Lucy King walizungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kila baada ya mita kumi, imeunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka, na makundi mengi ya tembo hugeuka. Asali inabaki kuwa ya mwenye shamba, na Biharamulo asali haihitaji kutafutiwa jina.

“Mwaka wa ukame nyuki wanahama,” askari alionya. “Mzinga mtupu tembo anaujua.”

“Na nyuki na ng'ombe hawakai pamoja,” mfugaji aliongeza. “Mtu akiweka mizinga njia ya maji, mimi nitapita wapi?”

Mama alirudi kwenye kiti chake akatoa masharti. Yuko tayari kuuacha ukanda, hata wote, ikiwa atalipwa kodi ya ardhi kila mwaka kabla ya msimu wa kupanda, kama anavyolipwa mwenye nyumba, badala ya kufutwa jasho baada ya hasara. Askari alisema hajawahi kuona kasma ya namna hiyo kwenye bajeti ya hifadhi. Fedha za ujirani mwema hujenga madarasa na zahanati, na zamani za pori la akiba angalau sehemu ya ada za vitalu vya uwindaji ilirudi halmashauri. Sasa uwindaji umekwisha na watalii bado ni wachache.

“Darasa ni zuri,” mama alisema. “Ila darasa linasomesha pia mtoto wa aliye kilomita kumi kutoka msituni, asiyejua dungu likoje.”

Afisa ardhi akauliza kama fedha hizohizo zinaweza kuchimba lambo nje ya ukanda, ili ng'ombe wa mwezi wa nane wapate maji bila kuvuka kigingi. Askari alikubali kwamba hilo lingempunguzia mwenzake aliye kazini doria nyingi kuliko pikipiki mpya. Mfugaji alitaka kujua lambo litachimbwa kwenye ardhi ya nani. Mama akamwangalia, akasema kama wanafikiria ekari zake mbili na nusu, waanze kuhesabu mita upya.